Mwaka wa Posho ya Ndizi

Jumamosi iliyopita tulimsomea hitima Bi Zuhura nyumbani kwake, Moshi mjini, kwenye ua mdogo uliofunikwa turubai. Nilikaa upande wa wanawake nikiwa na mtandio wa kuazima, nikala pilau kutoka sinia moja na akina mama watatu nisiowajua, na kila mmoja alipouliza nilikuwa nani wa marehemu nilijibu kwamba alinifundisha kazi. Aliyenileta kwa gari kutoka Shirimatunda, ninakoishi tangu nistaafu, ni Glory, mtoto wa kaka yangu. Glory amemaliza chuo cha ukutubi mwaka huu, na tangu amalize hana habari nyingine ila mishahara. Hata pale, watu wakiwa bado wanasoma, aliniinamia sikioni na simu mkononi: "Shangazi, hivi mkutubi wa Dar na wa Moshi wanapishana sana? Huku naona wanasema inategemea mkoa." Nikambana paja anyamaze. Lakini baadaye, wakati wenyeji wanagawa kahawa, nilijikuta nimeshika kikombe bila kunywa, kwa sababu swali lile niliwahi kuliuliza mimi, kwa sauti kubwa kuliko ya Glory, mbele ya mtu ambaye sikupaswa kumwuliza kabisa, na aliyenisamehe ndiye huyo tuliyekuwa tunamsomea.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina cheti cha ukutubi na viatu jozi moja. Aliyeniajiri ni jumuiya moja ya elimu ya watu wazima ambayo imekufa zamani; wakati ule ilikuwa na maktaba nne, za Dar, Tanga, Arusha na Moshi. Yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Chumba cha mbele kilikuwa na rafu na meza tatu ndefu za mninga, na cha nyuma, kilichotengwa kwa ukuta wa mbao, kilikuwa na kabati la kadi, taipureta, jiko la mafuta ya taa na dirisha lililotazama mlima siku ambazo mlima ulikubali kuonekana. Jumatatu ya kwanza nilipopanda zile ngazi nilimkuta mwanamke wa makamo, mfupi, kajifunga kanga, miwani imeshikiliwa na uzi, na funguo zote za jengo zinaning'inia kiunoni. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye cheti?" Nikasema ndimi. "Haya, hebu tukione kinavyofanya kazi." Akanipa kitabu cha ufugaji wa nyuki nikitafutie mahali. Nilikipeleka kwenye rafu ya wadudu, nikasimama pembeni nikingoja sifa. Bi Zuhura alicheka hadi akavua miwani. "Anayekuja kukitafuta hicho anataka asali, hataki kujua nyuki ana miguu mingapi. Kipeleke kwenye kilimo." Chuoni walikuwa wametufundisha hivyo hivyo, ila mimi nilikuwa nimesahau kwa woga.

Watu wote walimwita Mkutubi. Walimu, mafundi cherehani, vibarua wa mashamba ya miwa waliokuja Jumamosi wakiwa wamevaa mashati ya kanisani, hata mwenye duka la chini, wote walipanda ngazi wakiuliza, "Mkutubi yupo?" na hawakuwa wakiniuliza mimi. Sikuwahi kumwuliza cheo chake. Mtu mwenye funguo, muhuri na kiti chenye mto unamwulizaje cheo? Alikuwa na mtindo wake ambao sijaukuta tena katika maktaba yoyote. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake kabatini, imeandikwa kwa mwandiko wa kulala wa Bi Zuhura, na nyuma ya kadi, kwa penseli, aliandika watu ambao kitabu kile kingewafaa: "Mwalimu wa Kilema mwenye kikohozi." "Yule baba wa mpunga wa Chekereni, akimaliza kile cha mifereji." "Binti wa sinema, asipewe kabla ya mtihani." Mtu akija kurudisha kitabu, Bi Zuhura alikuwa tayari anajua anachomshikisha mkononi. Niliona ni mambo ya kizamani. Chuoni tulikatazwa hata kukunja ncha ya kadi.

Saa saba tulifunga mlango nusu saa, tukala chumba cha nyuma. Wikiendi nilipanda nyumbani Kilema, na kwetu mtu hashuki mjini mikono mitupu, kwa hiyo kila Jumatatu nilikuja na vichane viwili vitatu vya ndizi mshare kwenye kikapu. Bi Zuhura alivipika vyote kwa namna iliyoniumiza. Babu yake alikuwa mtu wa Pangani, bibi yake Mpare, yeye mwenyewe kazaliwa nyuma ya soko la Moshi, na mtori wake, ile supu nzito ya ndizi, alikuwa anautia nazi. "Bi Zuhura, mtori hautiwi nazi," nilimwambia siku ya kwanza. "Kwenu," akasema. "Kwenu mnapika chakula cha mtu aliyejifungua, mnamlisha kila mtu." Tulibishana hivyo karibu kila wiki huku tunakula, na mimi ndiye niliyekuwa nafuta sufuria. Nikiwaza leo, naona sijapata kula chakula cha mchana kizuri namna ile katika ofisi yoyote, nami nimekaa katika ofisi zenye mikahawa.

Mwisho wa mwezi alikuja karani wa malipo kutoka Arusha na sanduku lake la bati, akakaa chumba cha nyuma na karatasi ya kusaini. Alikuwa amekata kipande cha kadibodi chenye mwanya mmoja mwembamba, anakilaza juu ya karatasi ili kila mtu aone mstari wake peke yake. Tulikuwa watatu: mimi, Bi Zuhura, na Baba Elia aliyefagia ngazi mchana na kulinda usiku. Bi Zuhura aliniambia niingie mimi kwanza. "Watoto kwanza," alisema, na yeye akaingia mwisho kabisa, akafunga mlango. Nilidhani huo ndio ukubwa.

Mwezi wa tano nikapata barua kutoka kwa Salome, niliyesoma naye chuo kimoja na kulala naye bweni moja, ambaye jumuiya hiyo hiyo ilimpeleka Dar. Ndani aliweka jedwali la mishahara alilolinakili kwa mkono kutoka mezani kwa bosi wake, vyeo upande huu, miji upande ule. Cheti kilikuwa kile kile, kazi ile ile, na Dar walilipa karibu mara mbili ya Moshi. Arusha ilifuata, kisha Tanga, na sisi tulikuwa chini kabisa. Nilidhani Salome kakosea kunakili mpaka nikaona maelezo chini ya jedwali: Moshi, posho ya chakula haitolewi, kwa kuwa watumishi wana migomba nyumbani. Nikayasoma mara mbili. Nikaipeleka barua kwa Bi Zuhura. Aliisoma polepole, kidole chake kikishuka safu ya Moshi mstari kwa mstari mpaka chini, halafu alipofika kwenye migomba akaangua kicheko. "Mimi nina mgomba wapi, jamani? Migomba yangu ni kikapu chako!" Kuanzia siku ile chakula chetu cha mchana tulikiita posho ya ndizi. Kila sufuria ilipoiva aliniita, "Resti, njoo uchukue mshahara."

Nimefanya kazi hii hadi kustaafu na nimekaa kwenye vikao vingi vya kupanga mishahara. Ningeweza kumjibu Glory palepale hitimani kwamba ndiyo, inapishana, na kwamba kila mahali wanapolipa kidogo utamkuta mtu ofisini mwenye sababu nzuri ya kwa nini wewe unaweza kuishi kwa hicho. Huku wana ndizi, kule nyumba ni rahisi, pengine wenyeji ni watu wa kuridhika. Lakini mwaka ule sikuwa na hekima hiyo, nilikuwa na hasira tu, na hasira yangu ilikuwa ya mtu mmoja. Sikumwuliza Bi Zuhura hata mara moja yeye anapata nini. Nilichukulia kwamba mkubwa hawezi kukosa. Kwa wiki tatu nilizungumza juu ya mshahara wangu asubuhi, mchana kwenye mtori na jioni tukifunga madirisha, na yeye alisikiliza, akiniuliza maswali, mpaka siku moja akasema, "Kunilalamikia mimi hakutakusaidia. Andika barua. Mimi nitaipiga taipu."

Niliiandika kwa mkono kurasa mbili. Bi Zuhura aliketi mbele ya taipureta, nami nikamsimamia begani nikimsomea. Alinirekebisha pale nilipokuwa na jeuri, akaniambia niweke mbele hoja ya cheti na nyuma ile ya ndizi, kwa sababu wakubwa hawapendi kuchekwa. Tukafika kwenye sentensi niliyoipenda kuliko zote. Kutoka kwenye jedwali nilikuwa nimeona kwamba mshahara wangu ulizidi kidogo tu ule wa mhudumu, na mhudumu kichwani mwangu alikuwa Baba Elia na fagio lake. Nikasoma: "Inasikitisha kwamba mtumishi mwenye cheti anapishana kidogo sana na mhudumu asiye na elimu yoyote, ambaye kazi yake ni kufuta vumbi." Taipureta ilinyamaza. Bi Zuhura aliinua kile chuma kinachobana karatasi, akainyoosha karatasi, akakishusha tena. "Una hakika na hiyo?" aliuliza bila kugeuka. Nikamwambia hiyo ndiyo yenye nguvu. "Ina nguvu kweli," akasema. Akaipiga yote hadi nukta, bila kosa hata moja.

Mkaguzi kutoka makao makuu alikuja mwezi wa saba, katika ile baridi ya Moshi ya mvua nyembamba isiyokwisha, akiwa pamoja na karani wa malipo. Waliingia chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao nikipanga rafu za chini, nimechuchumaa, na kila neno lilipita. "Huyu binti ana haki," mkaguzi alisema. "Maktaba ina mtu wa cheti na bado funguo anazo mhudumu?" Karani akasema mhudumu ndiye aliyekuwepo tangu mkutubi wa zamani aondoke, na nafasi haikujazwa. "Basi sasa imejazwa. Binti tunampandisha daraja, na hela zitatoka kwa mhudumu. Tutampumzisha. Zuhura nani huyu?" Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Karani akataja jina la baba yake, kisha mshahara wake, na ulikuwa chini ya wangu.

Sikuinuka mara moja. Nilibaki nimechuchumaa na kitabu cha hesabu za biashara mapajani, huku nikisikia kwa mbele, hatua kumi kutoka nilipokuwa, muhuri wa tarehe ukigonga: Bi Zuhura alikuwa anamhudumia mtu. Baba Elia hakuwemo hata kwenye jedwali; mlinzi alilipwa kwa fungu jingine. Mhudumu alikuwa mmoja tu katika maktaba ile, na nilikuwa nimemsomea kwa sauti, juu ya bega lake, kwamba hana elimu yoyote na kazi yake ni kufuta vumbi, naye akaniandikia vizuri. Niliona aibu ambayo hata sasa, mzee hivi, ikinijia nikiwa peke yangu huwa nasema kitu kwa sauti ili niifukuze.

Waliponiita, mkaguzi alikuwa na fomu mezani. Ilisema kwamba kadi zote za maktaba huandaliwa na mkutubi msaidizi, yaani mimi, na kwamba mhudumu hahusiki na uainishaji wa vitabu. Nikisaini, mshahara mpya ungeanza mwezi unaofuata. Lazima niseme ukweli kwamba hela zile nilikwisha kuzitumia moyoni: godoro, viatu, chumba kisichovuja. Mkaguzi alivuta droo ya kabati, akatoa kadi, akaigeuza. "Na huu uchafu wa penseli nyuma ni wa nani?" Nadhani kama asingesema uchafu, pengine ningesaini. "Ni wa Bi Zuhura," nikasema. "Na ndio unaowaleta watu. Kila kadi iliyomo humo ni mkono wake. Mimi hapa najifunza, na anayenifundisha ni yeye. Nikisaini hiyo nitakuwa mwongo." Mkaguzi alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Dada, wewe ndiye uliyeandika barua." "Niliandika bila kujua." "Basi utabaki na mshahara wako wa zamani." Nikasema nitabaki nao, na sauti yangu ilikuwa nyembamba sana. Walikunja makaratasi yao. Kwa kuwa hapakuwa na saini, hapakuwa na wa kukabidhiwa funguo, na Bi Zuhura akaachwa kazini mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Haikuamuliwa vinginevyo hadi jumuiya yenyewe ilipokufa.

Siku ile ilikuwa Ijumaa na tuliagana bila kutazamana. Ukuta wa mbao ulipitisha maneno, na nilijua Bi Zuhura naye kasikia. Jumamosi, huko Kilema, nilikwenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikakata jani la isale. Kwetu sisi, mtu aliyekukosea akija na jani hilo huwezi kumnyima msamaha, awe kakufanyia nini. Jumatatu nikamkabidhi Bi Zuhura kwa mikono miwili, kabla hata hajatundika kanga yake ya juu.

"Hili unaniletea mimi? Mimi si Mchagga."

"Umezaliwa Moshi, Bi Zuhura. Maana yake unaijua."

"Naijua. Nikilipokea, sina ruhusa ya kukasirika tena."

"Ndiyo."

"Basi liweke mezani kwanza. Acha nikasirike."

Akakasirika. Alikasirika akiwa amesimama, mikono kiunoni juu ya zile funguo, akaniambia kuhusu mwanamke aliyeingia pale na kitambaa cha vumbi na darasa la saba, akajifunza namba za vitabu kwa kuzitazama, akamwuliza mkutubi wa zamani kila siku mpaka akachoka naye, na aliyeomba mara tatu apelekwe chuo akajibiwa kwamba umri umepita. "Kufuta vumbi, Resti! Nilitaka kuichomoa ile karatasi niimeze." Nilikuwa nalia, sikujificha. Kisha akakaa, sauti ikashuka. "Lakini nikajiambia, ngoja. Huyu mtoto nusu ya anachokijua nimempa mimi. Wakimlipa, nitajua kazi yangu ina bei gani. Mimi mwenyewe hakuna atakayekuja kuniambia. Sasa wewe umekwenda kukataa! Nani ataniambia?" Akavuta jani mezani, akaliweka ndani ya kabati la kadi, akafunga droo. "Haya. Nimelipokea."

Niliondoka Moshi mwaka uliofuata kwenda Dar, nikiwa na barua ya sifa aliyoipiga taipu yeye na kusaini kwa jina lake bila kutaja cheo. Nilisoma tena, nikapanda, na miaka kadhaa baadaye nikapewa maktaba nzima ya chuo kimoja. Mwezi ule nilipolipwa mara ya kwanza ulikuwa wa kumi na mbili, wakati Wachagga wote wanapanda nyumbani, lakini mimi sikwenda Kilema kwanza. Nilikwenda kwa Bi Zuhura. Alikuwa amekwisha kuzeeka, ameketi kwenye ua ule ule wa hitima akichambua mchele, na nilipomwamkia alitaka kuinuka nikamzuia. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia nimekuja kujibu swali lake. Akauliza lipi. Nikamtajia mshahara wangu, wote, hadi shilingi ya mwisho, kitu ambacho sikuwa nimemwambia hata mume wangu.

Mikono yake ikaacha mchele. "Irudie," akasema.

Nikairudia.

"Kumbe mimi ni ghali hivyo," akasema Bi Zuhura. Akalia kidogo, akacheka, akajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akamwita binti yake kutoka jikoni, akaniambia niseme tena, na yeye asikie.